Shati la Évariste

Mfuko wa nne ulikuwa na mabaki ya nguo za harusi tu, lakini Masika aliumwaga wote sakafuni vilevile, akapiga magoti na kuanza kuchambua. Satini upande huu, lesi upande ule. Kila kipande cha kitenge alikiinua, akakisogeza karibu na simu iliyoegemezwa kwenye mguu wa meza, akakilinganisha na picha, kisha akakiweka kando. Magoti yake yalikuwa na miaka hamsini na tatu, na yalimkumbusha hilo bila kuulizwa.

"Mama Masika, utaniachia chumba kama soko la mitumba," alisema Firmin. Hakuinua mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Nitarudisha kila kitu."

"Unasema. Polisi walikuja humu mwaka juzi kutafuta simu za wizi, nao walisema."

Firmin alikuwa fundi kutoka Uvira. Alishonea watu wa Joubert Park katika chumba hiki kimoja cha ghorofa ya saba, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa tangu Krismasi. Hakutupa hata kipande cha kitambaa. Mteja akirudi na shati lililotoboka kwapani, alisema, kiraka kitatoka wapi? Masika alikuwa amepanda ngazi zote kwa sababu ya tabia hiyo.

Kwenye picha kulikuwa na shati la kitenge cha buluu lenye mbayuwayu weupe. Juu ya mfuko wa kifuani jina lilikuwa limetariziwa kwa uzi wa njano: Évariste. Siku kumi na moja zilizopita polisi walikuwa wameliona shati hilo kwenye mwili wa mwanamume aliyeopolewa kutoka mto Jukskei, chini ya daraja karibu na Diepsloot, baada ya mvua kubwa. Maji na mawe yalikuwa yameharibu uso na vidole kiasi kwamba hapakubaki alama za kuchukua. Maabara ya vinasaba ingejibu baada ya miezi. Basi kilichobaki ni shati, na shati lilikuwa na jina.

Angélique, ambaye mumewe Évariste alitoka nyumbani wiki tano zilizopita asirudi, alionyeshwa picha hiyo. Akasema ndiyo, ni la mume wangu, na kwenye kabati halipo. Kesho Ijumaa, saa tatu asubuhi, angetia sahihi ya kuuchukua mwili. Jumamosi mazishi. Huko Uvira ndugu walikuwa wameshakusanyika kulia. Angélique alikuwa amekwenda kwenye ofisi ndogo ya Masika kule Marshalltown kwa jambo moja tu, kutafsiriwa karatasi za polisi.

Lakini Masika hakuweka jina lake chini ya karatasi kabla hajakigusa kila kilichoandikwa ndani yake. Hakuna aliyemfundisha kazi hii. Miaka kumi na minne alikuwa mlinzi wa mlango wa duka kubwa, akiangalia watu wakiingia na kutoka, na huko ndiko alikojifunza kwamba kilichoandikwa juu ya mfuko si lazima kiwe ndani ya mfuko. Karatasi ilisema: shati mali ya marehemu. Basi akauliza, nani alilishona?

Kwenye mfuko wa tano, chini ya vipande vya kaki, mbayuwayu walijitokeza.

Alikiweka kipande kando ya picha. Buluu ileile, ndege walewale, wakiruka kwa mstari. "Papa Firmin. Njoo uone."

Firmin alisimamisha cherehani, akavaa miwani, akakitazama kitambaa, halafu picha, halafu sakafu yake. "Njo hiyo. Hii kazi iko ya mukono yangu. Ya Évariste, Mungu amulaze pema. Nilikwambia tangu ngazini."

"Uliniambia. Daftari la oda lipo?"

"Eh, Mama! Mwili uko mochwari, jina liko kifuani, na wewe unataka daftari."

"Nipo hapa tayari. Nikishuka sipandi tena leo."

Fundi alicheka kidogo, akalitoa daftari chini ya godoro. Walipekua pamoja. Februari ya mwaka jana, kwa penseli: *Évariste, mbayuwayu, 3.*

Masika aliitazama ile tatu. "Alishonesha mashati matatu ya kitambaa kimoja?"

"Hapana. Yeye moja." Firmin alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama mtu anayejipa muda. "Ilikuwa ubatizo wa mtoto wa Gradi. Gradi, ule kijana mlinzi, rafiki yake. Alipofika hapa bila kitu, Évariste alimulaza sebuleni kwake miezi minane, akamutafutia kazi. Mtoto alipozaliwa, Gradi akamupa jina la Évariste. Bon, sisi kwetu, mtoto akipewa jina la mtu, siku ya ubatizo mtoto na ndoyi wake wanavaa kitambaa kimoja. Na baba naye, maana yeye ndiye anatoa jina."

Ndoyi ni mtu mnayeitwa jina moja. Watanzania wa jengo lilelile wangesema wajina. Masika aliijua desturi hiyo kwa ndugu za mumewe, lakini hakuwahi kufikiria kwamba inaweza kushonwa.

"Na jina kifuani?"

"Yote matatu. Jina lilikuwa la mtoto, Mama. Ile siku lilikuwa la nyumba nzima." Halafu Firmin akakaa kwenye kiti cha wateja. "Lakini Angélique aliona shati."

"Angélique alikuja nchi hii mwezi gani?"

"Juni. Baada ya ubatizo. Alilikuta shati kabatini." Akashika kichwa. "Hakujua kama liko lingine. Na mimi hakuna mutu aliniuliza."

"Nimekuuliza leo, na umejibu. Vipimo viliandikwa?"

Viliandikwa. Évariste alikuwa mtu wa shingo nene: kola sentimita arobaini na nne. Gradi thelathini na nane. Masika alinakili vyote viwili, kisha akauliza shati likilala majini siku kadhaa linapungua kiasi gani. Firmin akasema kitambaa hiki kinajikunja kama mukongwe, hakuna anayejua kwa uhakika.

"Basi hatutapima," alisema Masika. Alikinyoosha kile kipande mezani, akaweka utepe juu yake. Kutoka ndege mmoja hadi mwingine zilikuwa sentimita mbili kamili. "Kola unaikata kwa kufuata mstari wa ndege?"

"Lazima. Ndege wakipanda kilima kwenye shingo ya mutu, watacheka mimi."

Kola ya arobaini na nne, ndege ishirini na wawili. Kola ya thelathini na nane, ndege kumi na tisa. Kitambaa kinaweza kujikunja, lakini ndege hawapungui.

Alirudisha mabaki kwenye mifuko, kila mfuko na vyake, kama alivyoahidi. Firmin hakumsaidia. Alikuwa bado anaitazama ile tatu ya penseli.

Kwenye teksi ya kwenda kaskazini Masika alifungua daftari lake ukurasa aliouanza Ijumaa iliyopita. Juu aliandika *Évariste*, na chini yake, kwa safu, njia zote ambazo mtu mmoja alikuwa amelivaa jina hilo. Évariste kwenye cheti cha ubatizo. Evaristi kwenye kadi ya kambi ya wakimbizi Kigoma. Evarist kwenye ombi la hifadhi hapa. Vava kwa mkewe. Kazini, walinzi wenzake Wazulu walimwita Eva na kumuuliza mume wake yuko wapi, naye alicheka nao. Shemasi Marcellin wa kanisa lao alikuwa amemweleza Masika kwamba jina ni la Kigiriki cha kale, la papa mmoja wa mwanzoni kabisa, na maana yake ni mwenye kupendeza, aliyekubalika. Kando ya neno hilo Masika alikuwa amebandika kumbukumbu nyingine: barua tatu za kukataliwa hifadhi, na tarehe zake.

Safu ya pili ilikuwa ya watu aliowafuata bure. Mwashi wa Msumbiji anayeitwa Evaristo, mzima wa afya, aliyekasirika kusikia kwamba amekufa. Mrundi mzee. Na duka la kinyozi la Hillbrow lililoandikwa *Salon Évariste* kwa herufi kubwa nyekundu, ambako hapakuwa na mtu wa jina hilo. Lilikuwa jina la mwalimu wa mwenye duka, aliyefia Bukavu. Masika alikuwa amepoteza asubuhi nzima kwenye duka lile. Sasa aliuweka wino wake juu ya mstari huo na kuuzungushia duara: jina la mtu mmoja juu ya mlango wa mwingine.

Kwenye kituo cha polisi, Sajenti Mathebula aliyeshika kesi hii alikuwa anakula magwinya, maandazi ya huku, juu ya majalada, karatasi ya mafuta ikiwa imetandazwa chini vizuri. Alikuwa mpole, amechoka, na amebakiza miaka miwili astaafu.

"Mama," alisema kwa Kiingereza, "leo Alhamisi. Kesho familia inachukua mwili. Kila mtu ameridhika. Tafadhali usiniletee kitu."

"Nimeleta swali la dakika tano. Nataka kuhesabu ndege."

Alimtazama. "Eish."

"Kwenye kola. Unaweza kuhesabu wewe, mimi nitasimama mbali."

Sajenti alifuta vidole kimoja kimoja, akaenda, akarudi na mfuko wa karatasi wenye muhuri na jozi mbili za glavu. Shati lilikuwa limekuwa dogo, gumu, na lilinuka matope. Jina la njano lilikuwa safi kuliko kitambaa chenyewe. Masika alihesabu kutoka tundu la kifungo hadi kifungo, kwa ncha ya penseli, bila kugusa. Akahesabu tena akianzia upande wa pili. Kisha akampa penseli sajenti.

Mathebula alihesabu midomo ikicheza. "Kumi na tisa."

"Nami kumi na tisa. Andika, tafadhali, na saa."

"Walitakiwa wangapi?"

"La Évariste lina ishirini na wawili." Akamweleza habari ya ubatizo, ya mashati matatu na ya Gradi, pole pole, maana mwenzake alikuwa anaandika.

"Labda mto umekula watatu."

"Mto haukati kola na kuishona tena, Sajenti."

Alicheka kwa pua, akaweka kalamu. "Sawa. Hili ni shati la huyo Gradi. Lakini mimi nimevaa koti la shemeji yangu sasa hivi. Mtu anaazima shati."

"Ndiyo. Ndiyo maana sijasema ni nani." Masika alikuwa amelifikiria hilo tangu teksi iliposimama kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani. "Shati linasema habari za shati. Nataka kitu cha mwili. Daktari aliandika nini?"

"Ripoti yote iko mochwari. Mimi nilipewa muhtasari." Alipekua. "Mwanamume, miaka thelathini hadi arobaini na tano, urefu sentimita mia na sabini na nne..."

"Wote wawili wanaingia humo."

"...mfupa wa mkono uliowahi kuvunjika, umepona zamani. Haisemi mkono gani, wala wapi. Picha za eksirei ziko kule. Wanafungua saa mbili."

"Na sahihi ni saa tatu."

"Saa tatu." Alilifunga jalada, lakini taratibu. "Mama, mke wa huyu mtu amelia hapa mbele yangu siku mbili. Ukimwambia mume wako huenda yuko hai, halafu iwe sivyo?"

"Sitamwambia hivyo."

"Na ukinyamaza, halafu iwe ndivyo?"

Masika alitia sahihi kwenye kitabu cha wageni, akaandika saa ya kutoka: tisa na dakika kumi alasiri.

Murielle, mke wa Gradi, aliuza sukari, mishumaa na muda wa maongezi kupitia dirisha la kontena huko Diepsloot. Masika alipofika, jua lilikuwa bado lipo lakini limeshalegea, na Murielle alikuwa ameketi juu ya kreti akifumua kitu kwa wembe. Mtoto wake alikuwa sakafuni, akigonga kopo kwa kijiko.

"Yaya Masika! Karibu ndani, dada yangu mkubwa. Usijali, huyu anapiga ngoma tangu asubuhi. Évariste, acha. Évariste! Salimia bibi."

Mtoto alimtazama Masika, akagonga kopo.

"Ana miezi mingapi?"

"Ishirini. Na amenenepa, ona kazi aliyonipa." Aliinua alichokuwa anafumua. Lilikuwa shati dogo la buluu lenye mbayuwayu. Pembeni mshono ulikuwa wazi nusu. "Natoa hapa na hapa, labda litaingia. Jumamosi lazima alivae. Ndoyi wake akizikwa, yeye ndiye anatupa udongo wa kwanza. Njo vile kwetu. Kabla ya mjane, kabla ya padri."

Masika aliketi kwenye gunia la mchele.

"Gradi atakuja mazishini?" aliuliza.

"Sijampata. Yuko mbali, kule Northern Cape, wanalinda mgodi. Aliniambia mwenyewe, Mu, mwezi mzima usihangaike, hakuna network." Alikata uzi kwa meno. "Atalia sana akisikia. Papa Évariste alikuwa kama kaka yake. Si ndiye alikuja kumchukua?"

"Alikuja kumchukua lini?"

"Siku ileile ya kuondoka. Jumapili, baada ya ibada. Walipanda gari moja, bakkie nyeupe, zile pikapu, sijui ya nani. Wiki tano na siku kadhaa." Akaona kalamu ya Masika. "Mbona unaandika? Papa Évariste si alirudi? Nilipoambiwa yuko mtoni hapa karibu, nikasema, bon, kumbe alirudi peke yake, labda alikuwa anakuja kuniletea habari."

"Umemwambia Angélique hayo?"

"Hakuniuliza. Na mtu anayelia hauongezei maneno."

Wote walikuwa wakweli, aliwaza Masika, na hakuna aliyeulizwa. "Gradi alivaa nini siku ile?"

"Si ile ya ubatizo! Jumapili, Yaya. Walivaa wote wawili, wakawa kama kwaya. Niliwacheka." Murielle alitabasamu akilitazama shati dogo. "Gradi analipenda hilo shati kuliko mimi. Unajua kwa nini alichagua hili jina? Kwanza kwa ajili ya Papa Évariste, hiyo kweli. Lakini shemasi alipotuambia maana yake, aliyekubalika, Gradi akanishika mkono palepale kanisani. Alikuwa amepata barua ya kukataliwa wiki ile. Akasema, mimi wamenikataa, lakini huyu watamwita Aliyekubalika kila siku mpaka wachoke."

Mtoto aliacha kopo, akatambaa hadi kwenye viatu vya Masika, akaanza kufungua kamba. Masika alimwacha.

"Nauliza mambo ya wote wawili," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "kwa kuwa walikuwa pamoja. Ya afya, ya mwili. Gradi amewahi kulazwa? Kuvunjika?"

"Mkono. Wa kushoto, hapa juu kidogo ya kifundo." Murielle alijionyesha kwa wembe. "Alianguka kwenye paa la kanisa Lubumbashi, akiweka mabati. Hajanijua mimi bado. Baridi ikija unamuuma, ananipa nimkande."

Masika aliandika: *kushoto, juu ya kifundo, Lubumbashi.* Aliandika kwa herufi ndogo na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza nukta.

Akatoka nje ya kontena, akasimama karibu na bomba, akampigia Angélique.

"Évariste amewahi kuvunjika mfupa?"

"Vava? Hapana. Hata jino." Nyuma yake wanawake walikuwa wanaimba. "Kwa nini, Yaya? Karatasi zina shida?"

"Kesho uje mochwari saa mbili, si saa tatu. Usitie sahihi kitu chochote kabla sijafika."

Wimbo uliendelea. Angélique alisogea mahali pa kimya zaidi. Mlango ulisikika ukifungwa.

"Si yeye?"

"Sijui."

"Yaya, nimevaa nyeusi siku nane. Mama yake ameanguka mara mbili. Niambie."

"Nikikuambia leo nitakuwa nabahatisha, na wewe si mtu wa kubahatishiwa. Kuna picha moja sijaiona. Nitaiona saa mbili."

"Na kama si yeye," alisema Angélique polepole, "basi yuko wapi? Na kwa nini amenyamaza?"

Lilikuwa swali ambalo Masika alikuwa ameliandika tangu kituoni na kulipigia mstari. Watu wawili kwenye bakkie moja, mashati mawili ya kitambaa kimoja, mmoja mtoni. Huyo mwingine angeweza kuwa maiti ambayo haijaonekana, au mtu anayejificha, au mtu anayefichwa. Ingeweza pia kuwa jambo baya zaidi ya hayo, na hakutaka kulipa jina kabla ya wakati.

"Lala, Angélique. Saa mbili."

Aliporudi ndani, Murielle alikuwa amemvika mtoto lile shati ili alijaribu. Upande mmoja ulikuwa umefumuliwa wote, mwingine bado. Mtoto alisimama mikono imeinuliwa, jina la njano likiwa limepinda juu ya tumbo lake.

"Linaingia, ona! Namalizia upande huu, kesho napiga pasi." Murielle alichukua tena wembe. "Yaya, Jumamosi utanisaidia kumshika? Anaogopa mashimo."

Masika aliutazama wembe, na mshono.

"Nitamshika," alisema. "Lakini usimalize leo."

"Kwa nini? Imebaki kidogo."

"Jua limekwenda. Utakata kitambaa. Acha mpaka nikupigie kesho."

Murielle alimtazama kwa muda uliozidi kidogo. Halafu akamvua mtoto lile shati, akachomeka sindano kwenye kola ndogo ili isipotee, akalikunja mshono wazi ukiwa juu, na kuliweka kwenye rafu, kati ya mishumaa na chumvi.